Niko Pasua, nina laptopu moja: naweza kuingia kwenye kazi ya Tor?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Pasua, Moshi. Nina steshenari ndogo: natoa kopi, nachapa barua, nawajazia watu fomu za ajira na mikopo mtandaoni. Linux naijua kiasi, nimejifundisha mwenyewe. Natumia Tor Browser, kivinjari cha kuficha uko wapi na unafungua nini, na nimesoma kwamba mtandao wake unaendeshwa na watu wa kujitolea. Na mimi nataka kuchangia. Nilifikiria kufungua rilei, yaani mashine inayopitisha mawasiliano ya watumiaji wengine, hapa dukani kwa kuwa nalipia intaneti ya mwezi. Mjomba anasema huo ni mradi wa jeshi la Marekani, kaka yangu anasema ni wa wauza madawa. Hawa wanaojitolea ni akina nani hasa? Nani anawalipa? Na mtu wa Moshi ana nafasi gani humo?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na lile linaloweza kukutia hasara: rilei hapo dukani usifungue. Sababu zake nitakupa, na wala si kwamba huna uwezo. Kuna kazi nyingine ambazo mradi unazihitaji kuliko rilei moja zaidi, na mojawapo unaiweza wewe wa Pasua kuliko mhandisi wa Berlin.

Mjomba wako ana nusu ya ukweli. Wazo la kupitisha mawasiliano kwenye mashine kadhaa, kila moja ikivua tabaka lake la usimbaji (kufunga ujumbe kwa siri ili asiyehusika asiusome), lilizaliwa Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani katikati ya miaka ya 1990. Walioliasisi ni Paul Syverson, Michael Reed na David Goldschlag. Baadaye Roger Dingledine na Nick Mathewson wakaungana na Syverson kuandika programu ambayo ndiyo Tor. Mtandao uliwashwa Oktoba 2002, na msimbo, yaani maandishi yenyewe ya programu, ukawekwa hadharani chini ya leseni huria. Mwaka 2004 Electronic Frontier Foundation, shirika linalotetea haki za watu mtandaoni, likaanza kutoa fedha. Mwaka 2006 likasajiliwa shirika lisilo la faida, The Tor Project, ambalo linausimamia mpaka leo.

Nusu anayoikosa mjomba ni hii: kwa nini jeshi likubali kitu chake kiende kwa umma? Kwa sababu mtu hawezi kujificha peke yake. Kama wanaotumia mtandao huo ni askari wa majini tu, basi kila anayeonekana humo keshajulikana kuwa ni askari wa majini. Ili yule askari afichike, ilibidi awepo mwandishi wa habari, mama anayemkimbia mume anayempiga, mwanafunzi, mfanyabiashara, na wewe wa steshenari. Na ilibidi mashine zenyewe ziwe mikononi mwa watu wasiohusiana na jeshi wala wao kwa wao. Wanaojitolea ni sehemu ya mtambo wenyewe. Ukiwatoa, mtambo haufanyi kazi yake hata kama programu ni ileile.

Kuhusu kaka yako, sitabishana naye sana. Soko la madawa la Silk Road lilikuwa humo, na FBI ililifunga mwaka 2013. Wahalifu wapo, kama walivyo kwenye simu za kawaida na kwenye mabasi. Ila sehemu kubwa ya yanayopita kwenye Tor ni watu wanaofungua tovuti zilezile wewe na mimi tunazofungua.

Sasa tuje kwenye mtambo, maana bila kuuelewa swali lako la "ni akina nani" halijibiki. Ukifungua ukurasa kwa Tor Browser, kivinjari chako kinachagua rilei tatu. Ya kwanza, ya kuingilia, inaiona anwani ya IP ya duka lako (namba inayoitambulisha intaneti yako), lakini haijui unakwenda tovuti gani. Ya pili, ya katikati, inaona rilei ya kabla yake na ya baada yake, basi. Ya tatu, ya kutokea, inaona tovuti unayoiendea, lakini haijui kama uko Moshi au Montreal. Ni kama kifurushi unachomkabidhi kondakta wa Moshi, akampa wa Arusha, wa Arusha akampa wa Dodoma: kila mmoja anajua kakipokea kwa nani na anampa nani, hakuna anayeijua safari nzima.

Uzuri wa mpango huo ni kwamba haumtaki yeyote kati yao awe malaika. Watu wengi wakisikia "kujitolea" wanadhani usalama unatokana na wema wa wale watu. Hapana. Kivinjari hakichagui rilei mbili zenye mwenye mmoja kwenye njia moja; kila mwenye rilei zaidi ya moja anatakiwa azitangaze kuwa ni familia moja. Hakichagui pia rilei mbili ambazo anwani zao za IP zimekaa mtaa mmoja, yaani zenye namba mbili za mwanzo zinazofanana. Na orodha nzima ya rilei iko wazi: jina la rilei, nchi, kampuni inayoihifadhi, kasi yake, siku ilipowashwa. Wewe hapo ulipo unaweza kuikagua.

Orodha hiyo inatengenezwa na seva chache sana, kama tisa hivi, zinazoendeshwa na watu wanaofahamika kwa majina, waliotawanyika Ulaya na Marekani. Kila saa zinapiga kura: rilei ipi iko hai, ipi ina kasi gani, ipi itolewe. Wingi wa kura ndio unaopita. Mmoja akivamiwa au akilazimishwa na serikali yake, kura yake peke yake haitoshi kubadili orodha.

Je, wabaya hawaingii? Wanaingia. Mwanzoni mwa mwaka 2014 kundi la rilei liliingizwa mtandaoni kwa nia ya kuwafichua watumiaji, likakaa miezi kadhaa kabla ya kugunduliwa na kuondolewa Julai mwaka huohuo. Mwaka 2020 ikaonekana kuwa mtu mmoja, au kikundi kimoja, kimeshika sehemu kubwa ya rilei za kutokea na kilikuwa kikiondoa kufuli la https, usimbaji kati ya kivinjari na tovuti, kwa baadhi ya watu ili kuwaibia sarafu za kidijiti. Aliyeianika hadharani ile ya 2020 alikuwa mchangiaji anayefuatilia tabia za rilei na kutumia jina la bandia. Kazi hiyo ya kukodolea macho orodha, kuona kwamba rilei mia zimewashwa siku moja na zote zina maelezo yanayofanana, nayo ni kujitolea. Haina sifa, haina picha za kupiga na watu. Mimi naiona ni moja ya kazi muhimu kuliko zote pale.

Wenye rilei wenyewe ni watu wa namna nyingi. Rilei zinapita 7,000, nyingi ziko Ujerumani, Marekani na Uholanzi. Afrika ni za kuhesabu. Kuna mtu mmoja mmoja aliyekodi seva kwa bei ya bando lako la mwezi. Kuna vyama vilivyoandikishwa kisheria kwa kazi hiyo tu: Nos oignons cha Ufaransa, DFRI cha Sweden, Emerald Onion cha Seattle. Kuna vyuo vikuu. Na kuna maktaba moja ambayo kisa chake nakipenda.

Mwaka 2015 maktaba ya Kilton, katika mji mdogo wa Lebanon huko New Hampshire, ilifungua rilei ya katikati. Ilikuwa ya kwanza katika mpango wa Library Freedom Project, watu wanaofundisha wakutubi mambo ya faragha. Idara ya Usalama wa Ndani ya Marekani ikaliona jambo, ikawatonya polisi wa pale, polisi wakakutana na wakuu wa maktaba na mji, rilei ikazimwa. Kumbuka, hii ni Marekani ileile ambayo serikali yake ilikuwa ikiufadhili mradi. Suala likapelekwa kwenye bodi ya maktaba mwezi Septemba, wananchi wakajaa ukumbini, na bodi ikaamua rilei iwashwe tena. Ukiambiwa kwamba Tor ni "ya Marekani", uliza Marekani ipi: iliyotoa fedha, iliyowatonya polisi, au ya wale wazee waliokuja kikaoni jioni kutetea maktaba yao.

Wenye rilei za kutokea ni kabila la peke yake, na hao nawavulia kofia. Kwa sababu tovuti inaiona anwani ya rilei ya kutokea, mtu akifanya uhalifu kupitia Tor malalamiko yanamfikia mwenye rilei. Barua za hakimiliki, malalamiko ya barua pepe taka, na mara nyingine polisi mlangoni. Mwalimu mmoja wa hisabati wa Moscow alikamatwa Aprili 2017 kwa maandishi yaliyoonekana kutoka kwenye anwani yake, kwa kuwa alikuwa na rilei ya kutokea nyumbani. Mwaka uliofuata mashtaka yale yakafutwa, lakini alikuwa ameshaonja mahabusu na kifungo cha nyumbani. Mradi wenyewe unasema wazi: rilei ya kutokea usiiweke nyumbani kwako. Ndiyo maana hao watu huunda vyama, huandikisha anwani za IP kwa jina la chama, na huwa na mwanasheria wa kumpigia simu. Rilei ya kawaida, kwa mipangilio inayokuja nayo, si ya kutokea mpaka mwenyewe aamue hivyo.

Fedha. The Tor Project lina waajiriwa, makumi kadhaa: wahandisi, wasimamizi wa mafunzo, wahasibu. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya bajeti imetoka kwenye taasisi za serikali ya Marekani, na nyingine kwa shirika la maendeleo la Sweden, Sida, wakfu mbalimbali na watu binafsi wanaochanga kidogo kidogo. Mahesabu wanayatangaza. Ila wenye rilei hawalipwi na mradi. Aprili 2020, korona ilipoharibu mambo, shirika liliwaachisha kazi watu 13 likabaki na 22. Mtandao haukuzimika, kwa sababu mashine hazikuwa zao. Kilichopungua ni mikono ya kuandika msimbo, kujibu watumiaji na kusukuma matoleo mapya, na hapo ndipo utaona kazi ipi inategemea mshahara na ipi haitegemei. Wanaodhani wachangiaji wataendesha kila kitu bure milele hawajawahi kutunza programu inayotumiwa na mamilioni ya watu kwa siku.

Nao si watakatifu, nisikudanganye. Mwaka 2016 mradi ulitikiswa na tuhuma nzito dhidi ya mmoja wa watu wake mashuhuri. Aliondoka, na bodi nzima ikajiuzulu ikaingia nyingine. Baada ya hapo ndipo yalipowekwa kanuni za mwenendo na baraza la kusikiliza malalamiko. Wewe kama binti unayeingia kwenye jumuiya yenye wanaume wengi, zisome hizo kanuni kabla ya kitu kingine chochote.

Turudi Pasua. Kwa nini si rilei?

Kwanza, sheria. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zinakataza kutoa, kumiliki au kusambaza teknolojia au programu inayomsaidia mtu kufikia maudhui yaliyokatazwa. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikatoa tangazo ikiitaja kanuni hiyohiyo, ikiwataka wanaotumia VPN (programu za kupitisha intaneti yako kwenye seva ya mtu mwingine) watoe taarifa zao kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Tor si VPN, lakini mimi si mwanasheria, na wewe una leseni ya biashara, jina lako liko kwenye mkataba wa intaneti, na laini yako imesajiliwa kwa alama ya kidole. Kufungua mashine inayosaidia watu wasiowajua kupita vizuizi, kwa jina lako, kwenye nchi yenye kanuni hiyo, si jambo la kufanya kwa kusoma majibu ya mtu kama mimi. Muone wakili. Nchini mwetu jambo la kutunza siri za watumiaji limeshafika mahakamani: mwanzilishi wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016, na mojawapo ya yaliyompata ni kukataa kutoa majina ya watumiaji wake.

Pili, duka. Anwani za rilei zote zinatangazwa, nimekwambia. Kuna tovuti zinazozuia kila anwani iliyo kwenye orodha hiyo bila kujali kama ni rilei ya kutokea au ya katikati. Mteja wako anakuja saa kumi na moja jioni, siku ya mwisho ya kuomba mkopo, ana bahasha ya vyeti mkononi, na ukurasa unakwambia huruhusiwi kuingia. Utamweleza nini? Biashara yako inasimama juu ya anwani hiyo moja, usiichafue.

Tatu, umeme na mtandao wenyewe. Rilei inatakiwa iwe hewani muda wote. Mpya huchukua zaidi ya miezi miwili kabla mtandao haujaiamini kikamilifu na kuijaza kazi, na inayozimika kila TANESCO wakikata haifiki huko. Kiwango cha chini wanachotaka ni gigabaiti 100 kwa mwezi kuingia na 100 kutoka, na kasi isiyopungua megabiti 10 kwa sekunde. Kama intaneti yako ni ya laini ya simu kupitia ruta ndogo, hata ukitaka haiwezekani: laini hizo mara nyingi hukaa nyuma ya anwani moja inayotumiwa na watu wengi, hakuna anayeweza kukufikia kutoka nje.

Kama kanda yetu inataka rilei, ifunguliwe na chuo. Hapa Arusha tuna Nelson Mandela kule Nambala, Chuo cha Ufundi na Chuo cha Uhasibu. Kwenu kuna Ushirika. Chuo kina anwani zake za kudumu, jenereta, watu wa mtandao wanaolala kazini, na ofisi ya sheria ya kuuliza TCRA swali kwa maandishi na kupata jibu kwa maandishi. Mwaka 2023 Electronic Frontier Foundation walianzisha kampeni ya kuhimiza vyuo vikuu kufungua rilei kwa ajili ya kufundishia. Mwanafunzi wa mitandao anayesoma usimbaji kwenye karatasi tu, akipewa rilei ya kuitunza, ataelewa kwa wiki moja alichokikariri muhula mzima.

Utasikia pia habari za Snowflake. Ni kiongezeo cha kivinjari kinachoigeuza kompyuta ya kawaida kuwa daraja la muda kwa mtu aliyefungiwa Tor nchini mwake. Kilisaidia sana Iran mwaka 2022 wakati wa maandamano, na Urusi baada ya Tor kufungiwa Desemba 2021. Kwa ufundi ni salama kuliko rilei: tovuti haiioni anwani yako kamwe, kwa kuwa wewe unampeleka mtu mpaka kwenye seva ya mradi tu. Lakini swali la sheria ni lilelile, na bando linakwenda. Kwa hiyo nalo lisubiri jibu la wakili.

Kinachobaki ndicho nilichokuwa nakitaka. Mradi huu una waandishi wa msimbo wazuri. Programu kuu, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya C, inaandikwa upya kwa lugha nyingine, Rust, chini ya jina la Arti, iliyofikia toleo 1.0 Septemba 2022. Sio mahali pa kuanzia wewe, japo milango iko wazi. Uhaba uko kwa watu wanaowajua watumiaji wa kawaida, wenye simu za kawaida, wanaozungumza lugha zisizo za Ulaya. Wewe unakaa nao kutwa.

Anza na tafsiri. Kazi inafanyika kwenye jukwaa la Weblate: maneno ya kivinjari, mwongozo wa kukitumia, tovuti ya msaada. Fungua sehemu ya Kiswahili uone asilimia ya kila kazi, kisha chagua mwongozo, usichague kivinjari kwanza, kwa sababu mwongozo una sentensi nzima na utajifunza mambo yenyewe ukiwa unatafsiri. Kila sentensi inakuja peke yake kwenye kisanduku. Tuseme imeandikwa kuwa muunganisho na %s umeshindikana. Hiyo %s usiiguse, usiitafsiri, usiitenganishe na asilimia yake. Ni nafasi ambayo programu itaweka jina la kitu, na ukiiharibu ujumbe unatoka vibaya au programu inalalamika. Unachoweza kufanya ni kuihamisha mahali inapokaa vizuri kwenye sentensi ya Kiswahili. Kwenye vitufe, hesabu herufi: neno la Kiingereza lenye herufi saba likiwa kwetu maneno matatu, kwenye simu ya skrini ndogo litakatika katikati na mtumiaji ataona nusu ya amri. Na angalia alichokiandika aliyetangulia. Kama kivinjari kizima kinasema "daraja", usije na neno lako jipya kwa sababu unalipenda zaidi. Kama unaliona baya, fungua mjadala, libadilishwe kote kwa pamoja.

Tafsiri ya mashine itakushawishi. Inatoa Kiswahili kinachosomeka, na hapo ndipo ubaya wake. Kwenye onyo la usalama, kosa la "usi-" na "u-" linaweza kumfanya mtu afanye hasa kile alichoonywa. Isome sentensi kwa sauti, mpe jirani wa duka la pili asiyejua kompyuta, umuulize ameelewa afanye nini. Hilo mhandisi wa Berlin hana namna ya kulifanya.

Kazi ya pili ni kuripoti kasoro kutoka kwenye simu ambazo wao hawanazo. Tor Browser ya Android ilitoka rasmi mwaka 2019, na wanaoijaribu wengi wana simu nzuri. Wewe unaona simu za elfu themanini zenye nafasi iliyojaa. Mfano mmoja unaojirudia sana: simu iliisha chaji ikakaa siku kadhaa, ikiwashwa tarehe imerudi nyuma mwaka mzima. Tor haitaunganisha, kwa kuwa inakagua muda wa vyeti na orodha, na mwenye simu atasema "imefungiwa". Kabla ya kulaumu mtandao, tazama saa. Saa ikiwa sahihi na bado inagoma, hapo una ripoti: toleo la programu, aina ya simu, toleo la Android, ulibonyeza nini na nini kikatokea, pamoja na kumbukumbu za muunganisho. Kumbukumbu hizo zisome kwanza mwenyewe, kama mtu alikuwa anatumia daraja la siri futa anwani yake kabla ya kubandika. Kasoro zinaandikwa kwenye GitLab ya mradi, tovuti yao ya kutunzia msimbo na ripoti, na kuna njia ya kuandika bila kufungua akaunti, kwa wasiotaka kujulikana.

Kuna ya tatu kwa mwenye subira. OONI, kazi iliyoanzia ndani ya Tor mwaka 2012, hupima tovuti zipi hazifunguki katika nchi gani. Inatumia orodha za tovuti za kila nchi zinazotunzwa hadharani na Citizen Lab, maabara ya Chuo Kikuu cha Toronto, na Tanzania ina orodha yake. Tovuti zinakufa, magazeti yanahama anwani, mashirika yanafunga. Kusafisha orodha hiyo ni kazi ya mtu anayesoma habari za hapa, na haihitaji kuendesha kipimo chenyewe. Kipimo kina hatari zake, na wenyewe wameziandika kabla hujabonyeza kuanza.

Jina la akaunti chagua lolote, hawaulizi kitambulisho, na wapo wachangiaji wa miaka mingi ambao wenzao hawajui sura zao. Kama hutaki ijulikane kuwa ni wewe, basi barua pepe ya akaunti isiwe ile iliyobandikwa kwenye bango la duka, na usipakie kitu kwa kompyuta ya wateja. Kama hujali, tumia jina lako; siku ukiomba kazi ya ufundi itakusaidia kuonyesha ulichofanya.

Usitarajie kuona kazi yako kwenye simu wiki hiyohiyo. Sentensi inasubiri mhakiki, ikishapitishwa inasubiri toleo jipya. Lugha zenye watu wachache hukosa mhakiki kwa muda mrefu, na pendekezo linaweza kukaa tu pale likikutazama. Hilo likitokea, ingia kwenye chumba cha mazungumzo cha watafsiri, sema wewe ni nani wa lugha gani, uliza nani anahakiki Kiswahili. Wakikujibu kuwa kwa sasa hakuna, wape wiki chache waone kazi yako, kisha omba nafasi hiyo wewe.